Kamba ya Kamiti Haitawalinda Watoto Wetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa waumini na wanaharakati wa haki za raia mjini Bomet. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria.)



Swali mlilonipa ni zito, nami sikulichagua. Mmeniuliza kama mtu amnajisiye mtoto, au amwuaye, anyongwe. Nimeambiwa kwamba katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akasema neno moja tu, "Anyongwe," kisha akaketi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ningalikuwapo, nadhani nami ningalipiga makofi. Basi sikuja kuwakemea. Mtu asiyewaka hasira asikiapo kwamba mtoto wa miaka minane ameharibiwa, huyo ana ugonjwa wa moyo ambao hotuba haiwezi kuuponya.

Kwanza tujue sheria isemavyo, maana wengi wetu huibishania bila kuisoma. Katika nchi yetu adhabu ya kifo imewekwa kwa makosa machache, yakiwamo uhaini, kuua kwa kukusudia na wizi wa kutumia nguvu. Amwuaye mtoto, basi, tayari yumo katika hatari ya kifo. Amnajisiye mtoto hayumo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo Mheshimiwa Njoki Ndung'u aliipigania Bungeni huku baadhi ya wabunge wanaume wakiifanyia mzaha, yaweka kifungo cha maisha kwa amnajisiye mtoto wa miaka 11 au chini yake; kifungo kisichopungua miaka 20 ikiwa mtoto ni wa miaka 12 hadi 15; na kisichopungua miaka 15 ikiwa amefika 16 lakini bado ni mtoto. Mahakama ya Juu iliviunga mkono viwango hivyo vya chini tarehe 12 Julai 2024.

Hapo ndipo watu huuliza swali ambalo nami limenisumbua. Vijana wawili wenye panga wakimnyang'anya mtu simu njiani Silibwet, sheria yataja kifo. Mjomba akimharibu mtoto wa miaka saba, sheria yataja jela. Je, simu ina thamani kuliko mtoto? Sina neno la kuitetea mizani hiyo. Lakini mizani iliyopinda hunyoshwa kwa kuongeza upande mmoja au kwa kupunguza ule mwingine, na kabla hatujaongeza, tuulize kama kifo kimewakomesha wanyang'anyi. Wenye maduka hapa mjini wanalijua jibu.

Tena tusidanganyane kuhusu kamba yenyewe. Mara ya mwisho Kamiti kunyonga watu ilikuwa mwaka 1987, walipouawa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu kwa jaribio la kupindua Serikali la 1982. Tangu hapo mahakama zimesoma hukumu za kifo kwa maelfu, na hakuna aliyenyongwa. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 kifo kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wengine 2,747. Kwa hiyo mama yetu akipewa anachokiomba, hukumu ya kifo itasomwa, magazeti yatapiga kelele, na baada ya miaka kadhaa rais mmoja atatia sahihi, na yule mtu atatumikia kifungo cha maisha, yaani kile kile ambacho sheria inampa leo kwa kumnajisi mtoto mdogo.

Lakini hiyo ni hoja ndogo. Hoja yangu kubwa niliipata katika kikao cha wazee, nami naieleza kwa aibu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa wachumaji chai. Sitautaja, kwa ajili ya mtoto. Mama yake alikuwa akitoka alfajiri na kikapu mgongoni, na mtoto, msichana wa miaka tisa, akibaki na jamaa wa nyumbani. Jamaa huyo ndiye aliyemnajisi. Mama aligundua jioni alipokuwa akimwogesha. Kwa uchungu akamwosha mara ya pili, na nguo akazifua usiku ule ule. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anafua ushahidi. Kesho yake akaenda kituo cha polisi, akaambiwa alete fedha za hati ya P3, ambayo ni ya bure, na fedha za mafuta ya gari la kumkamata mtu. Akarudi nyumbani. Siku ya tatu kokwet ikakutana, nami nikaitwa ili kikao kifunguliwe kwa sala.

Nilisali. Kisha nikaketi nikawasikiliza wanaume kumi wakimpima mtoto kwa ng'ombe. Wakakubaliana juu ya mtamba mmoja na gharama za hospitali. Mama aliulizwa mara moja tu kama ameridhika. Alitazama chini, na sisi tukaandika kwamba ameridhika. Nyanya wa mtoto, ambaye ndiye mama mzazi wa mkosaji, alikuwa akilia mlangoni, "Msiniulie mwanangu." Naye alikuwa akiifikiria jela, si kamba. Mtu yule akahamia Narok. Mtamba alizaa. Msichana aliacha shule akiwa darasa la sita.

Nimeirudia siku ile mara nyingi moyoni, nikajiuliza kama hukumu ya kifo ingalitusaidia. Ni kinyume chake. Nyanya asingalilia mlangoni tu. Angalikuja na ukoo mzima. Mama, aliyekuwa akila katika nyumba ya ukoo ule, angalifungwa mdomo siku ya kwanza badala ya siku ya tatu. Na mtoto angaliambiwa kwamba akisema neno, mtu wa nyumbani kwao atakufa kwa ulimi wake. Ni mtoto gani wa miaka tisa awezaye kuubeba mzigo huo? Methali yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa watoto wetu methali hiyo imegeuka uongo, kwa maana zimwi liwalalo mara nyingi ndilo liwajualo, nalo hulala chini ya paa moja nao.

Lipo jambo jingine la kutisha. Ikiwa kunajisi na kuua vina adhabu moja, mkosaji anayeogopa hupata sababu ya kumnyamazisha shahidi wake wa pekee. Na sheria yetu ya ushahidi humruhusu hakimu kutia hatiani kwa neno la mtoto peke yake, akimwamini na kuandika sababu za kumwamini. Ruhusa hiyo imewasaidia watoto wengi. Mwekee hakimu huyo kamba mezani, mwone atakavyotafuta shahidi wa pili ambaye hayupo.

Wala si mimi niliyebuni mashaka haya. Majirani zetu wa Uganda walikwisha kujaribu. Mwaka 1990 walifanya kifo kuwa adhabu ya juu ya kumnajisi msichana wa chini ya miaka 18. Matokeo yake, kwa kuwa kosa lilikuwa la kifo, kesi hizo zilipaswa kusikilizwa na Mahakama Kuu pekee. Zikarundikana, mahabusu wakajaa rumande, na huko vijijini wazazi na wazee wakaendelea kupatana nyuma ya nyumba. Mwaka 2007 wakalazimika kuligawa kosa lenyewe: kesi nyingi zikashushwa kwa mahakimu wakuu, na kifo kikabaki kwa makosa mazito zaidi, kama vile mtoto akiwa chini ya miaka 14 au mkosaji akiwa mzazi au mlezi wake. Hata Marekani, ambako kamba na sindano havionewi haya, Mahakama ya Juu ilikataa mwaka 2008, katika kesi ya jimbo la Louisiana, kwamba mtu auawe kwa kumbaka mtoto aliyebaki hai; na miongoni mwa sababu zake ilitaja mzigo wa mtoto kutoa ushahidi ili mtu auawe, na hatari ya jamaa kuficha kosa. Florida ilitunga sheria ya kinyume mwaka 2023, kwa hiyo mjadala huko haujaisha.

Mtaniambia: hayo ni ya kunajisi, na watoto waliouawa je? Nami nitawajibu kwa jambo ambalo katika jimbo letu la zamani la Bonde la Ufa tunalitaja kwa sauti ya chini. Tarehe 1 Januari 2008, katika kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia nyumba ya Mungu walichomwa moto, wengi wao akina mama na watoto. Sheria ya kunyonga ilikuwapo. Watu wanne walishtakiwa kwa mauaji mbele ya Jaji David Maraga huko Nakuru, na mwaka 2009 akawaachilia wote kwa kukosa ushahidi, huku akiwakemea polisi kwa uchunguzi mbovu. Kamba haikukosekana. Aliyekosekana ni polisi wa kwenda kuuliza majirani waliona nini. Na majirani, ndugu zangu, tulikuwa sisi.

Mwaka 2021 polisi walimkamata Masten Wanjala, wakasema amekiri kuwaua watoto zaidi ya 10. Mwezi Oktoba akatoroka katika kituo cha polisi Nairobi, na siku mbili baadaye wanakijiji wa Bungoma wakamwua. Wengi walishangilia. Mimi niliwafikiria wazazi, ambao walipaswa kukaa mahakamani wasikie mtoto wao alichukuliwa wapi, saa ngapi, na nani aliyeona akanyamaza. Hayo yote yalizikwa pamoja naye. Na Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa Februari 2024 kwa mauaji ya watoto 191. Mtu huyo alikwisha kukamatwa na kuachiliwa kabla makaburi hayajafunguliwa.

Mwaka 2013 huko Busia msichana wa miaka 16, ambaye magazeti yalimpa jina lisilo lake, alishambuliwa na genge la wanaume, akatupwa katika shimo la choo. Washukiwa waliokamatwa waliamriwa na polisi wakate nyasi kituoni, kisha wakaenda zao. Haikuwa sheria iliyokuwa nyepesi. Ilihitajika saini za watu zaidi ya milioni moja, na mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Mwaka huo huo wa 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua, katika kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana walionajisiwa, kwamba polisi wanapokataa kuchunguza wanavunja Katiba. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, imewalinda watoto kuliko hukumu zote za kifo zilizosomwa mwaka ule, ingawa ni wachache waijuao. Kichukueni kifungu cha 53 cha Katiba, mkiweke karibu na meza ya ofisa wa zamu.

Nawakumbusha pia wanamageuzi wa miaka ya 1990, ambao huenda mmesahau. Koigi wa Wamwere alishtakiwa Nakuru kwa wizi wa kutumia nguvu, kosa la kifo, naye alikuwa mpinzani wa Serikali. Mwaka 1995 akapewa miaka minne kwa kosa dogo zaidi, baada ya dunia kupiga kelele. Mwenye cheo akitaka kumwangamiza adui yake, hutafuta shtaka ambalo hakuna atakayethubutu kulitetea. Msimwongezee jingine.

Kuhusu jiwe la kusagia, ambalo najua wengi mnalo midomoni tangu nianze, nimelisoma tena na tena. Bwana alitamka neno kali kuliko hukumu yoyote, lakini hakumpa askari wala hakimu kazi ya kulifunga lile jiwe. Sitasema zaidi, wachungaji wapo, na wao watanirekebisha.

Ninachoomba kwenu ni kazi. Mtoto akiumizwa, asioshwe, nguo zake zisifuliwe bali zifungwe katika mfuko wa karatasi; apelekwe Longisa au Tenwek kabla ya saa 72 kupita, kwa ajili ya dawa na kwa ajili ya ushahidi. Sheria inasema matibabu hayo ni ya bure. Mama asiende polisi peke yake. Aende na watu wawili wa kanisa, mmoja akiandika jina la ofisa, saa, na lililosemwa. Na mzee yeyote wa kanisa akiitwa kufungua kwa sala kikao cha kumpima mtoto kwa ng'ombe, asiende. Au aende, asimame, aseme mbele ya wote kwamba jambo hili ni la mahakama. Mimi sikusema.

Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, ipo kesi ya namna hii katika mahakama ya hapa mjini. Imeahirishwa mara nne, na mara mbili kati ya hizo mama wa mtoto hakuja kwa kukosa nauli. Anatoka upande wa Chebunyo. Natafuta mtu mwenye gari na akina mama wawili wa kukaa naye katika benchi. Nitabaki hapa mlangoni na daftari.