Kutafuta Mawe ya Zabarajadi

Leo twapenda kueleza shughuli moja ya mapumziko ifundishayo subira, nayo ni kutafuta zabarajadi, jiwe ambalo wataalamu huliita berili.

Zabarajadi ina rangi nyingi. Ikiwa ya kijani kibichi kwa sababu ya kromi au vanadi, huitwa zumaridi. Ikiwa ya rangi ya maji ya bahari kwa sababu ya chuma, huitwa akwamarini. Mara nyingi hupatikana katika pegmatiti, yaani mwamba wenye vipande vikubwa vya ulanga, felspa na kwatzi. Zumaridi zilizovumbuliwa karibu na Ziwa Manyara mwaka 1970 zilifanyika mahali ambapo pegmatiti ilikutana na miamba yenye kromi.

Basi mtafutaji hutazama kwanza mchanga wa vijito. Akiona ulanga na felspa, hufuata vipande hivyo kuelekea mlimani, hata aufikie mwamba ulikotoka.

Hapo wengi hudanganyika, kwa maana kwatzi nayo ina pande sita. Lakini pande za kwatzi huwa na mistari midogo iliyokingama, na kichwa chake huchongoka. Zabarajadi, ikiwa na mistari, mistari yake hufuata urefu wa jiwe, na kichwa chake mara nyingi ni bapa. Tena zabarajadi hukwaruza kwatzi. Jaribio hili lifanywe kwa kipande kibovu tu, kwani mkwaruzo hupunguza thamani ya jiwe safi.

Zabarajadi nyingi zina ukungu na nyufa. Iliyo angavu ni adimu. Pigo moja la nyundo laweza kuiharibu. Kwa hiyo yafaa kukata mwamba kwa tindo mbali na jiwe lenyewe, kisha kuondoa udongo kwa kijiti.

Twawaonya mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 inakataza kutafuta madini bila leseni. Basi, kabla ya kushika sururu, nendeni kwa afisa wa madini, tena mwombeni ruhusa mwenye shamba. Pili, msiingie kamwe katika mashimo yaliyoachwa na wachimbaji: kuta zake huporomoka, na hewa yake yaweza kuua. Hakuna jiwe lipitalo uhai kwa thamani.

Wanafunzi waanze kwa kujifunza kutambua ulanga, felspa na kwatzi. Jicho likizoea haya, zabarajadi haitapita bila kuonekana.