Kuku Ndani ya Nyumba

Ndugu zetu, leo tuzungumze habari za kuku. Wengi wetu tunawalaza ndani kwa kuogopa wezi na vicheche, na watoto wanashinda na vifaranga mikononi, hata wanawabusu! Sasa, kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinaitwa salmonela. Kinakaa tumboni mwa kuku, kinatoka na kinyesi, kinashika kwenye manyoya, mayai na sakafu. Kuku mwenyewe huenda haumwi kitu: anakula, anataga. Basi tusimwamini kwa kumtazama tu.

Kikiingia kinywani, baada ya saa 6 hadi siku 6 mtu anaharisha, tumbo linasokota, homa inapanda. Mtu mzima mara nyingi hupona. Lakini mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kuishiwa maji mwilini akafa. Huyo mnywesheni mara kwa mara, mpelekeni zahanati upesi.

Kunawa kwa maji matupu hakutoshi. Tukishika kuku tunawe kwa sabuni, tusugue hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, kama sekunde 20, ndipo tushike ugali. Sabuni hakuna? Majivu yanasaidia. Na banda tulijenge nje. Miti na udongo tunavyo.