Tufunge Mabati Kabla ya Masika

Ndugu wanavikundi, wa Mji wa Kale na nyinyi mliovuka feri kutoka Likoni, nimeombwa niseme juu ya upepo, na swali la akina mama ni moja: kile kimbunga cha redioni, chaweza kutupiga sisi hapa Mombasa?

Kimbunga kikubwa cha baharini, ni vigumu. Kinapata mzunguko wake kutokana na dunia inavyozunguka, na karibu na ikweta msukumo huo ni hafifu. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na vimbunga ni nadra kuzaliwa chini ya digrii 5. Lakini msilale. Unguja, iliyo digrii 6, ilipigwa Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash. Mikarafuu iling'oka na merikebu zake zikazama bandarini. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na juzi juzi, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikaishiwa nguvu, lakini Idara yetu ya Hali ya Hewa ilikuwa imeonya juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa hata huku Pwani ya Kenya. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sasa, mimi naogopa zaidi jambo dogo kuliko hilo: mvua ya radi. Wakati wa tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi haijashika, joto hupandisha hewa yenye unyevu juu sana, wingu linasimama kama mnara. Mvua ikianza kuanguka huivuta hewa ya baridi, ikashuka kwa kishindo na kutawanyika pande zote. Ndiyo maana husikia ubaridi wa ghafla kabla ya tone la kwanza. Ukiusikia, dakika zako ni chache.

Nyumba zetu za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko. Kuta hizo haziendi popote. Shida iko juu. Mabati yamepigiliwa misumari, na chumvi ya bahari huila misumari pole pole hata bati likabaki limekaa tu kwa uzito wake. Likiruka kutoka ghorofa ya pili na kuangukia uchochoro wetu mwembamba, watoto wanatoka chuoni, mwasemaje? Na roshani za mbao zilizooza ni vivyo hivyo. Mpangaji husema ni kazi ya mwenye nyumba, mwenye nyumba naye hapatikani. Jamani, bati halimwulizi mtu kama ni mpangaji. Kikundi kikitoa kidogo katika mchango wake kinaweza kununua misumari na waya, kikamlipa fundi mmoja apite nyumba kwa nyumba. Nyinyi wa makuti, kazeni kamba, na mkate matawi makavu yaliyoinamia paa.

Radi yenyewe: ukiona mwako, hesabu mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ukifika ngurumo kabla ya 30, ingia ndani ya nyumba, usisimame chini ya mwembe wala mbuyu. Wavuvi, msingoje kuhesabu. Wingu likisimama, geuzeni ngalawa mapema, kwani huko baharini mlingoti ndio kitu kirefu kuliko vyote.

Na aliyepigwa na radi asiachwe ati ana umeme mwilini. Hana. Mshike, na kama hapumui mpulizieni pumzi na kumkandamiza kifua huku mwingine akikimbilia gari.

Mkutano ujao kila kikundi kilete hesabu ya nyumba zenye mabati yaliyolegea, tukianza na zile za wajane na wazee wasioweza kupanda ngazi.