Mizani Inapogoma Baada ya Upasuaji

Msikilizaji, aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huanza kwa furaha, kisha mizani hugoma, naye akajiuliza kama alipasuliwa bure. Shaka hiyo inaumiza, lakini ushahidi hauiungi mkono. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi. Waliopasuliwa walipungua zaidi katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha wakarudisha sehemu ya kilo zao. Hata hivyo, baada ya miaka 10, waliofanyiwa baipasi ya tumbo walikuwa bado wamepungua takriban asilimia 25 ya uzito wa awali. Na kwa jumla, waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wasiopasuliwa. Mizani kusimama ni jambo la kutarajiwa: mwili uliopungua hutumia nishati kidogo.

Wapo watakaosema huku ni kumbembeleza mvivu, kwamba angejizuia kula asingehitaji kisu. Wanamwonea. Mtu anapojinyima chakula, mwili huongeza homoni ya njaa na kupigania uzito wake wa zamani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kisu hakitibu huzuni. Hilo ni kweli kabisa, na tafiti zimeonyesha kuwa hatari ya ulevi na ya kujidhuru huweza kuongezeka kwa baadhi ya wagonjwa. Ndiyo maana kliniki za ufuatiliaji, vitamini na ushauri nasaha ni sehemu ya tiba yenyewe. Usiache kuhudhuria kwa sababu ya aibu. Mweleze daktari hata kilo zilizorudi. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, mwambie mtu wa karibu, na nenda hospitali siku hiyohiyo.