Kiti Kimfuate Mkaaji

Leo tunazungumzia kiti.

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, utawakuta akina mama wanachambua dagaa kwenye vigoda vifupi, magoti yamekaribia kifua. Mgongo unapinda saa nyingi, na jioni kiuno kinadai. Dawa yake ni kuinua kazi na kiti kwa pamoja: meza ya kuchambulia ifike usawa wa viwiko vya aliyeketi, na kimo cha kiti kilingane na urefu wa kutoka kisigino hadi nyuma ya goti lake. Nyayo zote zikanyage chini. Kati ya ukingo wa kiti na goti, vidole viwili au vitatu vipite.

Tuje kwenye mabenchi ya kusubiria, zahanatini na vivukoni. Fundi seremala, weka egemeo lililolala nyuma kidogo, na mikono imara. Mzee, mjamzito au mwenye goti bovu huinuka kwa kuikandamiza hiyo mikono. Na usijaze ukuta mzima kwa mabenchi: acha pembeni nafasi ya sentimita 90 hivi, ili mwenye kitimwendo akae na wenzake, asiachwe njiani kama mzigo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, na inataka majengo ya umma yafikike. Basi wewe unayeagiza samani za shule, kanisa, msikiti au ofisi ya kata, wapime watumiaji kwanza, ndipo fundi akate mbao.