Nchi Jirani: Mtihani wa Rubani Hauna Likizo

Baada ya saa sita za usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei, 2007, ndege ya Shirika la Ndege la Kenya, aina ya Boeing 737-800, iliruka kutoka Douala, Kameruni, kwenda Nairobi. Haikutimiza dakika mbili angani. Ilianguka katika kinamasi cha mikoko, na watu wote 114 waliokuwamo wakafa.

Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa Kameruni mwaka 2010 ilieleza kwamba rubani mkuu alitamka neno la kuuingiza kazini mtambo wa kujiendesha. Mtambo haukushika, wala msaidizi wake hakuthibitisha. Gizani ndege ikalala upande polepole, na hakuna aliyevifuatilia vipimo vilivyokuwa mbele yao.

Kanuni za kimataifa humtaka rubani apimwe mara mbili kwa mwaka. Lakini ujuzi hauchakai siku ya mtihani. Huchakaa katika miezi iliyo katikati, safari zinapokuwa shwari. Ndiyo maana rubani makini hukifungua kitabu cha ndege yake hata asipopangiwa mtihani. Hukariri hatua za kuzima moto wa injini mpaka mikono izijue. Hulizana maswali na mwenzake, na kila amri inayotamkwa huthibitishwa kwa jicho.

Askari wa jeshi na wa polisi wanalielewa jambo hili. Bunduki haisafishwi kwa ajili ya gwaride peke yake. Anayesubiri ukaguzi ndipo ajifunze, hujifunza kwa ajili ya mkaguzi. Na hatari haipigi hodi.