Kioo Angani, Nasi Hatukuulizwa

Wasikilizaji, habari ya kioo mmeshaisikia. Kampuni ya Reflect Orbital ya California imeomba kibali kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, irushe setilaiti ya majaribio yenye kioo cha mita 18 kwa 18, cha kurudisha mwanga wa jua ardhini wakati wa usiku. Jaribio likifaulu, mpango ni kurusha maelfu. Utetezi wao pia mmeusikia: mashamba ya sola yaendelee kuzalisha umeme jua likishatua, waokoaji wapate kuona penye maafa. Sawa. Redio hii haina ugomvi na umeme. Ugomvi wetu ni ule wa siku zote, na tutaurudia hadi mchoke: hatukuulizwa.

Wako watu ambao habari hii imewakata maini kuliko wengine. Ni wapiga picha za nyota wa ridhaa, wasiolipwa na mtu, na hasa wale wanaowinda nebula hafifu za sayari. Nyota ya kadiri ya jua letu ikizeeka huvua matabaka yake ya nje, gesi ikatanda, ikang'aa kwa maelfu ya miaka, kisha ikatoweka. Gesi hiyo ndiyo nebula ya sayari. Nebula zilizo changa huonekana kwa darubini ndogo tu. Zilizokongoka zimefifia kiasi kwamba ziliwapita hata wataalamu wenye mitambo ya mamilioni.

Mnakumbuka lile tao la buluu kando ya galaksi ya Andromeda? Hakuna galaksi kubwa iliyopigwa picha nyingi kama ile, zaidi ya miaka mia moja sasa. Mwaka 2022 watu watatu, Marcel Drechsler wa Ujerumani na Wafaransa Xavier Strottner na Yann Sainty, waliielekezea darubini ndogo, wakaweka mbele ya kamera kichujio kinachopitisha rangi moja tu, ile ya oksijeni, nanomita 500.7, wakakusanya mwanga kwa zaidi ya saa 100. Likatokea wingu kubwa ambalo hakuna aliyekuwa na habari nalo. Picha hiyo ilishinda tuzo ya Royal Observatory Greenwich mwaka 2023, na sasa wako watafiti wanaosema wingu lile ni masalio ya nebula ya sayari ya nyota iliyo karibu nasi kuliko galaksi yenyewe. Ilihitajika subira. Lilihitajika giza pia.

Hapa ndipo redio hii inapopata wasiwasi. Setilaiti ikikatiza mbele ya kamera huacha mstari, na mstari huo una dawa. Picha mia mbili hulinganishwa kwenye kompyuta, na kisichojirudia hutupwa. Lakini anga yote ikipata weupe, weupe huo umo katika kila picha, na hakuna programu inayoweza kurudisha kilichomezwa. Mstari hufutika, weupe haufutiki. Waulizeni wapiga picha wenyewe wanafanya nini mwezi ukiwa mpevu: wanaoendelea hupiga ile rangi nyekundu ya haidrojeni, kwa sababu haisumbuliwi sana na mbalamwezi. Oksijeni wanaiacha hadi mwezi uondoke, maana mwanga wa mwezi hutawanyika zaidi angani upande huohuo wa buluu na kijani. Siku zao za oksijeni kwa mwezi ni chache, wanazihesabu kama mvuvi wa omena wa Ziwa Victoria anavyohesabu zake, naye taa yake haivuti samaki mbalamwezi ikitanda. Sasa anakuja mtu na mwezi wa kuuza kwa saa!

Watasema duara la mwanga litakuwa la kilomita 5 hivi tu, tena pale mteja alipolipia. Hewa haina ukuta. Mwanga ukipita katika vumbi na unyevu hutawanyika, na kioo chenyewe kitaonekana mbali kabisa na lile duara. Wala jambo hili si geni. Tarehe 4 Februari 1993 Warusi walikunjua kioo cha mita 20 karibu na kituo cha anga za juu cha Mir, doa la mwanga likapita mbio juu ya Ulaya, kutoka kusini mwa Ufaransa hadi magharibi mwa Urusi. Waliolala chini yake hawakuulizwa. Katika jaribio la 1999 kioo kilinasa kwenye antena, mambo yakaishia hapo. Safari hii anayetaka kukikunjua anatafuta wateja.

Na nani anatoa kibali? Ofisi moja, Washington, ambayo kwa miaka mingi imeziweka leseni nyingi za setilaiti nje ya tathmini ya mazingira. Mtu akijenga hoteli Diani, hapa pwani ya Kenya, ataombwa tathmini ya mazingira. Anayetaka kuangaza usiku wa watu kutoka angani haombwi. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema anga itumike kwa manufaa ya nchi zote. Nchi zote, wasikilizaji! Sisi tumo, na hatukuulizwa.

Tena pwani hii si mgeni wa mambo hayo. Setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, bahari ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, na jina la setilaiti hiyo ni Uhuru. Kutoka huku karibu na ikweta takriban anga yote huonekana, ya kaskazini na ya kusini, na bado kuna vijiji ambako usiku ni usiku.

Basi tusikae kimya! Mbunge wako ana simu, mpigie. Wakala wa Anga za Juu wa Kenya una ofisi, uandikieni. Walimu wa fizikia, andikeni pamoja na wanafunzi wenu. Wavuvi, viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa fukwe, nanyi andikeni, usiku huu ni wenu kabla haujawa wa mwenye kamera. FCC yenyewe hupokea maoni ya umma, ipelekewe ya kwetu. Swali liwe moja: je, serikali yetu imeulizwa, na kama imeulizwa, ilijibu nini? Jibu likipatikana tuleteeni, tutalisoma hapa hewani, saa hii hii, neno kwa neno.